Maswali ya Wasomaji: Radi, Mafuriko ya Ghafla na Ramani za Hatari

Barua zinazofika katika ukurasa huu wakati wa masika kwa kawaida huuliza habari za mbegu, ugonjwa wa chulebuni unaoshambulia kahawa na bei ya maharage. Safari hii nyingi zimeuliza habari za mvua za ngurumo na za maji yanayoshuka mlimani bila kubisha hodi, kwa hiyo tumeona ukurasa wote uende huko. Barua tumezifupisha, ila hoja za waandishi wake hazikuguswa.

Mama mkulima wa mboga, Rau, Moshi, anauliza: Redio ilitangaza angalizo la mvua kubwa kwa baadhi ya maeneo ya mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Kwetu jua liliwaka mchana kutwa, hata nguo nilizoanika zilikauka. Kabla ya magharibi mto ukaja umejaa na kuondoka na tuta zima la mchicha na sukuma wiki. Je, utabiri ule ulikuwa wa kweli au wa uongo?

Pole sana, Mama. Utabiri ulikuwa wa kweli, na mto wenyewe ndio ulioleta ushahidi. Mvua ilinyesha, ila haikunyesha juu ya paa lako.

Jua la asubuhi linapopiga miteremko ya Kilimanjaro, hewa iliyogusana na ardhi hupata joto, huwa nyepesi, na hupanda mlima ikiwa imebeba unyevunyevu wa mashamba, wa msitu na wa upepo utokao Bahari ya Hindi. Ikifika juu hupoa, mvuke wake hugeuka matone, na kugeuka huko hutoa joto jingine linaloisukuma hewa ipande zaidi. Ndiyo maana wingu dogo jeupe la saa sita mchana huweza kuwa, ifikapo saa tisa alasiri, jabali la wingu lenye kimo cha zaidi ya kilomita 12, na katika nchi zilizo karibu na ikweta vilele vya mawingu hayo huweza kufika kilomita 16. Kwa upana, hata hivyo, wingu hilo huenda likawa na kilomita chache tu, na likiwa peke yake uhai wake ni kama saa moja hivi. Linaweza kumwaga maji yake yote huko juu mlimani, Uru au Mbokomu, huku mtu wa Rau akianua nguo kavu.

Sasa tufanye hesabu. Milimita 1 ya mvua katika eneo la mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Milimita 50 ndani ya saa 24 ndicho kiwango ambacho kwetu huitwa mvua kubwa. Mvua ya kiasi hicho ikishuka juu ya kilomita 20 za mraba za mteremko, ni lita bilioni 1, yaani tani milioni 1 za maji. Hata kama udongo, migomba na msitu vitameza nusu yake, zinabaki tani laki tano zinazotafuta njia ya kuteremkia, na njia hiyo ni bonde la mto wako. Zikinyesha kwa siku nzima, mto utaongezeka na watu watauzoea. Zikinyesha kwa saa moja tu, mto utakuja kama ulivyouona.

Jambo hili halikuwapata watu wa Rau peke yao. Tarehe 29 Oktoba 2024, huko Valencia nchini Hispania, kituo cha kupimia mvua cha Turís kilipata zaidi ya milimita 180 kwa saa moja na zaidi ya milimita 770 kwa siku moja, lakini miongoni mwa sehemu zilizoumia kupita zote ulikuwamo mji wa Paiporta, ulio bondeni, ambako mvua yenyewe ilikuwa haba. Maji yalifika kwa kufuata korongo ambalo kwa sehemu kubwa ya mwaka huwa kavu. Waliokufa katika mafuriko yale walizidi 220.

Kwa hiyo, siku ya angalizo usiitazame mbingu ya juu ya nyumba yako pekee, utazame mlima. Ukiona upande wa juu umefungwa na wingu jeusi tangu mchana, mboga za kuvuna zivunwe mapema, na watoto wasitumwe mtoni. Mtoni kwenyewe kuna dalili ambazo wazee wa kando ya mito wanazijua vizuri: maji yaliyokuwa maangavu huanza kugeuka kahawia kabla hayajaongezeka kimo, majani mabichi, vijiti na vipande vya migomba huanza kupita, jiwe lililozoeleka kwa kufulia huzama, na wakati mwingine hutangulia mngurumo mzito wa mawe yanayosagana chini ya maji, ambao haukatiki kama ukatikavyo wa radi. Zikionekana dalili hizo, zimebaki dakika. Panda juu kwa upande uliopo, wala usivuke kufuata jembe wala ndoo.

Mwalimu wa jiografia, Arusha, anauliza: Nimeona ramani ya Ulaya iliyozungushiwa mistari juu ya nchi kadhaa, ndani yake zikiwamo namba 1, 2 na 3, ikielezwa kwamba ni hatari ya ngurumo kali na mafuriko ya ghafla kwa siku inayofuata. Inawezekanaje watu wachache kutabiri radi za bara zima? Na sisi Waafrika tuna nini cha kufanana na hicho?

Mwalimu, ramani za namna hiyo zimekuwa zikitolewa tangu mwaka 2002 na kundi la watabiri wa kujitolea wa Ulaya liitwalo ESTOFEX. Nchini Marekani kazi hiyo hufanywa na kituo cha serikali kilichoko Norman, katika jimbo la Oklahoma. Wote wawili huanza kwa kukubaliana juu ya nini kiitwe kikali: kwa Ulaya ni mvua ya mawe yenye kipenyo cha sentimita 2 au zaidi, upepo wa ghafla wa mita 25 kwa sekunde au zaidi, kimbunga cha nchi kavu, au mvua nyingi kupita kiasi.

Hakuna kati yao anayetabiri radi moja moja. Mpishi wa uji aliyewasha moto anajua sufuria itachemka, na anajua baada ya muda gani, lakini hawezi kukuonyesha povu la kwanza litatokea wapi. Watabiri nao hutabiri moto na sufuria. Wanatafuta mahali ambapo mambo matatu yatakutana siku moja: unyevunyevu mwingi karibu na ardhi, hewa ya joto chini na ya baridi juu, kwa tofauti kubwa kiasi kwamba kinachoanza kupanda hakisimami, na kitu cha kuianzisha safari hiyo, kama mlima, ukingo wa hewa ya baridi, upepo wa ziwani, au pepo mbili zinazokutana uso kwa uso. Likiongezeka jambo la nne, yaani upepo kubadilika mwelekeo na nguvu kadiri mtu anavyopanda juu, ngurumo hupangika, huishi kwa saa nyingi, na ndizo zinazoleta mawe makubwa na upepo wa kung'oa mapaa.

Mafuriko ya ghafla yana kanuni ya kwao, na hapa ndipo wanafunzi wako hukosea. Wingu kali linalokimbia huenda likaleta madhara ya upepo lakini likaacha maji machache kila mahali. Hatari ya mafuriko hukua pale wingu linapotembea polepole, au mawingu yanapopita moja baada ya jingine juu ya bonde lile lile, huku udongo ukiwa umeshashiba mvua za juma lililopita. Mtabiri wa mafuriko kwa hiyo huuliza maswali mawili kwa pamoja: mbingu italeta kiasi gani, na ardhi imebakiza nafasi gani. Ipo mifumo ya kompyuta inayokokotoa, kwa kila bonde dogo, ni milimita ngapi kwa saa chache zitakazotosha kuufanya mto uvuke kingo zake. Katika ardhi iliyoloa, milimita hizo hupungua sana.

Na namba zile? Ni ngazi za hatari, 1 ikiwa ya chini na 3 ya juu, na nyuma yake kuna hesabu ya uwezekano. Kwa Wamarekani, kwa mfano, asilimia 15 ya mvua ya mawe makubwa maana yake ni kwamba uwezekano wa tukio hilo kutokea ndani ya kilomita 40 hivi kutoka mahali ulipo ni 15 katika 100. Mtu asiyezoea huiona ndogo na kuipuuza. Lakini katika siku ya kawaida uwezekano huo haufiki hata asilimia moja katika sehemu nyingi, kwa hiyo 15 ni ongezeko la kutisha. Ningependa wanafunzi wetu wafundishwe hesabu hii kabla hawajamaliza shule, kwa kuwa watu wengi hufa kwa kudhani kwamba kisichokuwa na hakika hakina uzito.

Nakuja Afrika. Bara letu haliwezi kunakili ramani ya Ulaya, kwa sababu ngurumo zetu zina tabia mbalimbali. Afrika Magharibi kuna upepo wa juu utokao mashariki, unaozipanga ngurumo katika mistari mirefu inayosafiri mamia ya kilomita kuelekea magharibi. Nyanda za juu za Afrika Kusini hupata ngurumo za mawe makubwa zinazofanana na za Marekani. Bonde la Kongo ndilo lenye radi nyingi kuliko sehemu yoyote ya bara. Kabare, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hupigwa na radi zipatazo 205 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka, na duniani kote inazidiwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Katika Ziwa Victoria mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hugeuka, na pepo za usiku zinapokutana katikati ya ziwa huzaa ngurumo zinazowakuta wavuvi wakiwa na karabai zao. Kwetu Arusha na Kilimanjaro upepo wa juu mara nyingi ni dhaifu, wingu linang'ang'ania mlima, na adui mkubwa huwa maji. Nasema mara nyingi, si kila mara, wala si kila mahali nchini: usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo katika kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, iliua watu zaidi ya 40.

Utaratibu wa bara upo, Mwalimu, ingawa hausikiki sana. Mwaka 2006 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilianzisha kusini mwa Afrika mpango ambao vituo vikubwa vya dunia hutoa matokeo ya kompyuta zao, kituo cha Pretoria huyageuza kuwa ramani za hatari za ukanda kwa siku zinazofuata, na kila nchi huamua yenyewe itangaze nini kwa wananchi wake. Mpango huo ulifika Afrika Mashariki, ambako kituo cha ukanda ni Nairobi, na Dar es Salaam ikapewa jukumu la Ziwa Victoria. Niamey, nchini Niger, kipo pia kituo cha hali ya hewa cha Afrika nzima, ACMAD, kilichoundwa mwaka 1987. Tunachopungukiwa ni macho. Kwa hesabu zilizotolewa na Shirika hilo, Afrika ina rada za hali ya hewa 37 tu, wakati Ulaya ina 345, na Afrika ni kubwa kuliko Ulaya karibu mara tatu.

Mwanafunzi wa sekondari, Usa River, anauliza: Shikamoo. Kama setilaiti inaona mawingu yote kutoka juu, kwa nini tusiambiwe siku tatu kabla kwamba mvua kubwa itanyesha Usa River saa kumi?

Marahaba, mwanangu. Setilaiti huona kilichokwisha kuzaliwa, na wingu la ngurumo la Ijumaa alasiri bado halijazaliwa siku ya Jumanne. Siku tatu kabla tunategemea kompyuta. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa huendesha hesabu ileile mara 51, kila mara kwa kubadilisha kidogo tu hali ya kuanzia, kisha watabiri hutazama ni hesabu ngapi zimekubaliana. Kompyuta hiyo huigawa dunia katika vipande vya mraba vya kilomita 9 hivi, na wingu zima la ngurumo linaweza kumezwa ndani ya kipande kimoja. Mlima Meru nao, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, ukishawekwa katika wastani wa kipande cha kilomita 9 hufupishwa, na mabonde yake hufutika kabisa. Zipo hesabu za vipande vya kilomita 4 hivi zinazofanywa kwa Afrika ya kitropiki, na hizo huonyesha tabia ya ngurumo vizuri zaidi, ingawa mahali na saa bado huteleza.

Kadiri saa zinavyokaribia, macho huchukua nafasi ya hesabu. Setilaiti ya Meteosat iliyorushwa Desemba 2022 inakaa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, hupiga picha ya Afrika kila baada ya dakika 10, na ina chombo cha kuhesabu mimweko ya radi usiku na mchana. Rada, kwa upande wake, huona matone ndani ya wingu, lakini mawimbi yake huzuiwa na milima, na kadiri yanavyokwenda mbali hupita juu zaidi ya ardhi kwa sababu dunia ni duara. Rada za kwanza za nchi yetu zilifungwa Dar es Salaam na Mwanza, nawe waweza kupima mwenyewe katika ramani umbali wa Usa River kutoka huko. Saa moja au mbili kabla ndiyo nafasi ya kusema eneo kwa uhakika wa kutosha, na nafasi hiyo ni fupi kuliko muda ambao taarifa nyingi huchukua kusafiri.

Dereva wa bodaboda, Muriet, Arusha, anauliza: Maji yakivuka barabara, abiria huwa wananiambia nipite tu kwa kuwa "hayajafika magotini". Kimo gani ni salama?

Hakuna kimo salama kwa pikipiki katika maji yanayokwenda kasi. Maji ya sentimita 15 yenye kasi yanatosha kumwangusha mtu mzima aliyesimama, sentimita 30 huweza kulibeba gari dogo, na sentimita 60 huweza kuyabeba magari mengi, yakiwamo yale marefu ambayo madereva wake hujiamini. Sababu ni kwamba mita 1 ya ujazo ya maji ina uzito wa tani 1, na gari likianza kuelea magurudumu hayana tena kitu cha kushika. Isitoshe, maji ya korongo ni ya tope. Huoni kama kalavati bado lipo au limeshakwenda.

Wewe wa Muriet huhitaji kuhadithiwa. Aprili 2024 gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji katika kata yenu asubuhi wakielekea shuleni, na watoto wakapoteza maisha. Abiria akikuhimiza mpite, mrudishie nauli yake na mwambie maji ya korongo kwa kawaida hupungua baada ya saa chache. Nawaomba na wazazi: siku ambayo usiku wake mvua imepiga, mtoto akichelewa shule asiadhibiwe, na dereva wake asigombezwe.

Mkulima, Hai, anauliza: Simu yangu huonyesha mvua asilimia 60, redio husema "vipindi vya mvua katika maeneo machache". Nimsadiki nani?

Ndugu mkulima, wote wawili huenda wanasema jambo moja. Asilimia 60 maana yake ni kwamba katika siku 10 zenye hali kama ya leo, mahali hapo hupata mvua siku 6, na haisemi chochote kuhusu wingi wake. Programu nyingi za simu hutoa namba iliyotoka moja kwa moja katika kompyuta, bila mtu kuipitia, na nimeshaeleza jinsi kompyuta inavyouona mlima. Kwa kupanga palizi na kunyunyizia dawa, itumie simu. Kwa hatari, ifuate Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hutoa taarifa za siku tano kwa viwango vitatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, kwa rangi ya njano, ya chungwa na nyekundu. Katika taarifa hizo soma sehemu mbili ambazo wengi huziruka: uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Athari kubwa yenye uwezekano mdogo inastahili kuwaondoa ng'ombe bondeni, kwa maana kuwahamisha ni kazi ya jioni moja tu.

Msomaji, Mto wa Mbu, anauliza: Wakitangaza El Niño, je, ni lazima mafuriko?

Hapana. El Niño ni joto la Bahari ya Pasifiki lisilo la kawaida, na huongeza uwezekano wa vuli nzito Afrika Mashariki, hasa likiandamana na joto la upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, kama ilivyokuwa mwaka 1997 na tena 2023. Hiyo ni habari ya msimu. Siku ya mafuriko hutabiriwa kwa njia nilizozieleza juu.

Mwenyekiti wa mtaa, Arusha, anauliza: Mtaa wangu una nyumba kwenye kingo za mto Themi. Nikiwaambia watu wahame kwa usiku mmoja na mvua isije, mara ya pili hawatanisikia. Nikinyamaza na maji yakaja, nitajibu nini?

Mheshimiwa Mwenyekiti, swali lako ndilo zito kuliko yote yaliyofika, na wenye kompyuta kubwa kuliko zote wamelishindwa. Julai 2021, siku kadhaa kabla ya mafuriko ya Ujerumani na Ubelgiji, mfumo wa Ulaya wa kutabiri mafuriko ulikwisha kutoa taarifa kwa mamlaka husika, lakini katika bonde dogo la mto Ahr peke yake walikufa watu zaidi ya 130. Huko Valencia, tahadhari nyekundu ilitoka asubuhi kabla ya saa mbili, na ujumbe wa kuwaonya wananchi katika simu zao ukatumwa baada ya saa mbili usiku, wakati maji yalikuwa yameshafika katika nyumba na maegesho ya magari. Utabiri haukuwa na kasoro kubwa. Kilichokosekana ni mtu aliyekuwa tayari kuugeuza utabiri kuwa agizo kabla ya kuona maji kwa macho yake.

Kwa hiyo nakushauri uamuzi ufanywe sasa, jua likiwaka. Kaa na wajumbe wako mkubaliane kwa maandishi: likitangazwa angalizo, ni nani atakayeangalia mto na kwa zamu ipi, ikitangazwa tahadhari, ni kaya zipi, kwa majina, zitakazolala kwa ndugu au shuleni, na ni nani atakayewabeba wazee na wagonjwa, na ikiwa mto utafika alama fulani, iliyopakwa rangi kwenye nguzo ya daraja, kengele au filimbi ipigwe bila kumsubiri yeyote, hata wewe. Mpate namba ya simu ya mwenyekiti mwenzako wa juu, huko maji yanakotoka, kwani yeye huuona mto kabla yako. Naamini simu moja kutoka mtaa wa juu kwenda mtaa wa chini ina thamani kuliko picha kumi za setilaiti zilizobaki ofisini. Umoja wa Mataifa ulitangaza mwaka 2022 kwamba kila mtu duniani awe amefikiwa na mfumo wa tahadhari za mapema ifikapo mwisho wa 2027. Kwa mtaa wako, mfumo huo utakuwa ni alama ile, filimbi ile na namba ile ya simu.

Kuhusu kuaminiwa, waeleze ukweli mzima tangu mwanzo. Usiseme "mafuriko yanakuja leo." Sema kwamba usiku wa leo hatari ni kubwa kuliko kawaida, kwamba huenda wingu likamwagia bonde la jirani, na kwamba kesho asubuhi mtakutana kutazama mto ulifika wapi. Watu waliohama usiku mmoja wakarudi na kukuta alama za maji hatua chache kutoka kizingitini hawatasema walidanganywa. Na pale ambapo mlima wenyewe unaweza kushuka, usitumie kipimo cha mto. Alfajiri ya Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka baada ya mvua, tope, mawe na magogo yakaufikia mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Kwa nyumba zilizo chini ya mteremko mkali, nyufa mpya ardhini, miti iliyoinama na chemchemi iliyotokea ghafla ni sababu za kuondoka siku hiyohiyo, hata kama mvua imekatika.

Mzazi, Himo, anauliza: Shuleni kwa mwanangu, radi zikianza walimu hufunika vioo na kuwakataza watoto kuvaa nguo nyekundu. Je, hilo linasaidia?

Halisaidii, na linaweza kuchelewesha linalosaidia. Radi hutafuta njia iliyo fupi na nyepesi kwenda ardhini, haijali rangi ya nguo. Kinachowalinda watoto ni kutoka uwanjani na kuingia katika jengo imara au ndani ya gari lenye bati juu yake, mbali na miti mirefu, milingoti ya bendera, mabanda ya nyasi na magoli ya chuma. Hesabu sekunde kutoka mwanga hadi mngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita 1 hivi, na zikiwa 30 au pungufu yake watoto wanapaswa kuwa wameshaingia ndani, hata kama mvua haijaanza kwenu, kwa sababu radi huweza kupiga hata umbali wa kilomita 10 kutoka kwenye wingu lake. Wasitoke mpaka zipite dakika 30 baada ya mngurumo wa mwisho. Mtoto akipigwa na radi, mwili wake hauna umeme uliobaki. Anaweza kushikwa mara moja, na kama hapumui, kifua chake kianze kukandamizwa papo hapo huku gari la kumpeleka hospitali likitafutwa.